Viza ya Siku Tisa na Jina la Muteba

Ninyi mnaobaki labo, maabara yetu ya kiwanda, mmeniomba niandike, na nimekubali kwa sharti moja: sitaandika vyeo. Vyeo vyangu viko kwenye faili la ofisi ya wafanyakazi. Anayevitaka akavisome huko, havimchoshi, ni vifupi. Nitaandika kuhusu kuchukua sampuli, kukausha na kupima, na kuhusu ile safari yangu ambayo kila mmoja wenu ameisikia vibaya. Wengine mmeambiwa nilipigana na Mzungu. Sikupigana na mtu. Nilikaa tu kwenye kiti.

Wawili au watatu kati yenu mtatumwa nje siku moja, kusimama mbele ya mizani ya mnunuzi kwa niaba ya kiwanda chetu. Mtafundishwa mkataba. Mtafundishwa kukagua sili za mifuko, zile lakiri za kuifungia. Hakuna atakayewafundisha jinsi ya kuwa Mkongomani mbele ya watu ambao tayari wana habari zao kuhusu Congo. Hilo nitalieleza mimi, polepole, kwa mpangilio ule ule nilioupitia.

Siku yangu ya kwanza nilichelewa kuingia, ingawa nilifika mapema. Mlinzi wa geti alisoma karatasi yangu akakwama kwenye jina.

“Kapinga. Iyi jina ni ya Kasai.”

“Ni jina ya bibi yangu, tata.”

“Na bibi yako alizaliwa wapi?”

Lazima nieleze kwa wale waliozaliwa juzi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai na kampuni ya migodi. Baba alizaliwa Kolwezi, mimi nilizaliwa Kolwezi, nikasoma kemia hapa hapa mtaa wa Dilala. Halafu ikaja miaka ile watu wa asili yetu walipoambiwa warudi kwao, nasi tukapanda treni kwenda mahali ambapo sikuwa nimewahi kupaona. Kule Kasai wakatuita watu wa Katanga na kutucheka namna tunavyosema. Mambo yalipotulia nilirudi peke yangu, nikaomba kazi. Kwa hiyo swali la mlinzi halikuwa dogo, na yeye alilijua hilo.

Nyuma yake alikuwa amesimama mtu mwembamba, koti lake jeupe limejaa madoa ya kijani.

“Tata, muache apite,” akasema. “Mi niko na sampuli inakauka. Bibi yake utamuuliza kesho.”

Huyo alikuwa Tata Muteba, Mlunda, mtu wa kabila la huku huku. Kwa umri alinizidi miaka mitatu tu, lakini kwa kazi alikuwa amenitangulia mbali. Hakunikaribisha wala hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa sonde, lile bomba la chuma lenye mfereji ubavuni, akanionyesha mfuko mkubwa wa unga wa kobalti, unga mzito unaotoka kiwandani ukiwa bado na maji yake.

Nilisukuma sonde mpaka mikono ikachoka, nikaivuta.

“Umefika wapi?” akauliza.

“Katikati, tata.”

“Mufuko iko na chini pia. Maji njo inapenda kukaa kule. Ukichukua ya juu, unapima ya juu, na unasema umepima mufuko. Rudia.”

Nikarudia. Nikarudia mifuko kumi na miwili. Siku hiyo nilijifunza kwamba uongo mwingi wa kazi yetu hausemwi na mtu mwovu, unasemwa na mtu mwenye mikono iliyochoka. Halafu akanifundisha kuugawa unga kwa kile kisanduku chenye nafasi nyembamba, nusu kwa nusu, mpaka kibaki kiasi cha kiganja. Unapima kikiwa na maji, unakausha kwenye tanuri kwa digrii mia moja na tano, unapima tena. Kilichopungua ndicho unyevu. Mnunuzi anataka kobalti, hataki maji ya mto Lualaba, kwa hiyo namba hiyo moja ndiyo inayogombaniwa dunia nzima.

Mchana tulikula pamoja. Aliangalia ugali wa mahindi kwenye sahani yangu.

“Mama, iyi bukari yako ya manjano, banajenga nayo nyumba kule kwenu?”

“Kwetu ni Dilala, tata. Na iyi yako ya mihogo, banaikula ao banafulia nayo manguo?”

Akacheka mpaka akakohoa. Tulitaniana hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikumbuki siku hata moja ambapo utani huo uliniuma. Nawaambia hivi ili mjue tofauti: Muteba alikuwa akinicheka kwa sababu ya sahani yangu, mlinzi alikuwa akinisimamisha kwa sababu ya bibi yangu.

Sasa niwaeleze kwa nini labo yetu haiandiki jina la mtu kwenye kikombe cha kukaushia unga. Wengi wenu mnaifuata desturi hiyo bila kujua ilikotoka. Ilitoka kwangu, na si kwa sifa.

Mwaka wangu wa tatu au wa nne, wachimbaji wa mkono, wale tunaowaita creuseur, walileta mzigo wao. Vijana wale walitoka kila kona ya Congo, nguo zao nyekundu kwa vumbi. Nilipokea sampuli yao, na kabla ya kufungua tanuri nilikuwa nimeshaandika kwa penseli, pembeni mwa daftari, namba niliyoitegemea. Niliandika unyevu mwingi. Wale wanaongeza maji, kila mtu anajua. Kikombe kilipotoka kilionyesha namba nzuri kuliko niliyoandika. Nikadhani nimekosea, nikataka kupima tena. Muteba akaona daftari.

“Iyi namba ya penseli ni ya nini?”

“Nilikuwa nakadiria tu, tata. Balya ba creuseur banaongezaka maji.”

“Umeisha kupima na mudomo,” akasema. “Mizani inafanya nini sasa? Tuiuzishe.”

Akachana ukurasa ule. Kuanzia kesho yake, sampuli ziliingia labo zikiwa na namba tu. Orodha ya nani ni nani ilikaa kwenye droo ya karani, na ilikuwa mwiko kuuliza mzigo umetoka kwa nani kabla mizani haijasomwa. Mimi niliyefukuzwa kwa treni kwa sababu ya jina, nilikuwa nimewafanyia vijana wale kitu kile kile kwa penseli. Niliona aibu kwa muda mrefu, na ilinifaa.

Kitu kingine alichotufundisha kilitokana na shida. Mnajua umeme wetu. Laini ya kutoka bwawa la Nzilo ikitetemeka, labo nzima inatetemeka, na matanuri yetu ya zamani yalikuwa yakipotewa na akili. Kioo cha namba mlangoni kinasema mia moja na tano, ndani kuna moto wa kuchoma mkate. Muteba hakuamini kioo. Kila asubuhi alifungua mlango wa tanuri akatazama unga. Ukikaushwa sawasawa, unga wetu unabaki na rangi ya udongo mkavu. Ukizidishiwa moto unaanza kuwa mweusi, kwa sababu hapo si unyevu tu unaotoka, ni maji yaliyofungwa ndani ya unga wenyewe. Unga unapoteza uzito zaidi, na mtu asiyejua anadhani ulikuwa na unyevu mwingi. Kwa hiyo tulikuwa na kipimajoto cha kioo, cha senti chache, tukikiweka ndani kila siku, na tulikuwa na macho.

Baada ya hapo miaka ilikwenda. Ninairuka, ilikuwa kazi tu. Tuje kwenye barua.

Mnunuzi mmoja wa Ulaya aliandika kwamba mzigo wetu mkubwa ulifika na unyevu mwingi kupita tulioandika. Alikuwa ameupeleka kwenye maabara moja katika mji wa bandari huko. Tofauti ilikuwa kubwa mno kuitwa bahati mbaya. Barua haikutumia neno wizi. Ilisema, kwa Kifaransa kizuri, kwamba “kwa kuzingatia mazingira ya nchi ya asili,” ingefaa kiwanda kichunguze watumishi wake.

Aliyesaini sili za mzigo ule alikuwa Muteba. Alikuwa amebakiza miezi minne apate pumziko lake la kustaafu. Direkta alimwita, akamwambia akae nyumbani. Kama mnunuzi angethibitisha namba zake, Muteba angefukuzwa kwa kughushi, miezi minne kabla ya mwisho, na jina la mghushi angelibeba Dilala nzima mpaka kaburini. Mkataba ulituruhusu kutuma mtu mmoja ashuhudie kipimo cha pili kule kule. Muteba mwenyewe hakuruhusiwa. Nikasema nitakwenda mimi.

Tata Ngoy wa stoo alisema mbele yangu, bila kuona taabu:

“Directeur, unatuma mama wa Kasai aende kutetea mu Lunda? Ule hatarudia. Atabakia kule kwa bazungu, atatuandikia karte ya Noeli.”

“Tata Ngoy,” nikamwambia, “karte yako nitakuletea mu mukono.”

Nilikwenda Kinshasa kuomba viza. Nilibeba cheti cha nyumba yangu, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanne na barua ya kiwanda. Dada wa dirishani pale ubalozini hakuuliza chochote kuhusu kobalti. Aliuliza kama mume wangu anabaki. Aliuliza kama watoto wanabaki. Aliuliza kama nyumba ni yangu kweli. Nikaelewa kwamba hakuna hata karatasi moja kati ya zile iliyosema mimi ni nani. Zote zilikuwa dhamana, kama mbuzi anayefungwa mlangoni. Nikapewa siku tisa, ikihesabiwa na siku ya kufika.

Kwenye uwanja wa ndege wa kule Ulaya, abiria wenzangu walipita, mimi nikawekwa pembeni. Nilikuwa na pakiti tatu zenye sili, sehemu yetu ya sampuli ya mzigo ule, pamoja na hati zake zote. Afisa alikuwa na adabu. Alisoma, akageuza, akasoma.

“Unatoka Congo. Kuna vita.”

“Kuna vita mashariki, bwana. Mimi natoka Kolwezi. Ni mbali kama kutoka hapa kwenu mpaka nchi ya nne.”

“Unakuja kuomba hifadhi?”

“Nakuja kupima unyevu.”

Alimwita mwenzake. Mwenzake naye akaniuliza kama nakuja kuomba hifadhi. Nikajibu vile vile, kwa sauti ile ile. Hapa nawapa shauri: jibu la pili lisitofautiane na la kwanza hata kwa neno, na msikasirike. Wao wanaandika kasirani yenu, hawaandiki swali lao.

Mkuu wa maabara aliitwa Joris, mtu mrefu, mpole. Fundi wake aliitwa Yassin, kijana wa huko huko ambaye wazazi wake walitoka Afrika ya Kaskazini. Siku ya kwanza walinipeleka kantini. Pale mezani alikuwepo mama mmoja wa ofisi ya mikataba, Madame Hilde. Tulizungumza Kifaransa. Kabla supu haijapoa, alinishika mkono.

“Pole sana kwa yote uliyoyapitia,” akasema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

Nilifikiria nilichopitia. Pikipiki ya taksi-moto mpaka uwanja wa ndege, ndege tatu, na kule kuwekwa pembeni na afisa.

“Asante, mama,” nikasema. “Unasema juu ya safari?”

Akaona haya. Akaniambia amesoma habari za wanawake wa Congo. Halafu akauliza kama mimi, kama mtu wa kobalti, siwaonei uchungu watoto wanaochimba.

Mtaulizwa swali hilo, kila mmoja wenu. Msilikimbie. Nilimwambia kwamba ni kweli, watoto wapo kwenye mashimo, nimewaona kwa macho yangu na si kwenye picha, na mjini kwetu wapo watu wanaohangaika kuwatoa kila siku. Nilimwambia pia kwamba wanawake wa mashariki wameteswa, na kwamba sitavaa mateso yao kama kitenge cha kuazima ili nihurumiwe mezani. Kisha nikamuuliza, bila ukali:

“Mama, leo ungekaa na mpima-sampuli kutoka nchi ya jirani yenu, ungemuuliza nini?”

Akafikiri. Yassin ndiye aliyejibu, akitazama sahani yake. “Angemuuliza kama chumba cha hoteli ni kizuri.”

Usiku ule, nisiwafiche, nilicheka peke yangu hotelini kwa jambo jingine. Nilikuwa nimefika mbali kote huko ili niitwe Mkongomani bila neno la pili. Hakuna aliyeniambia jina langu ni la Kasai. Kwa afisa, kwa Hilde, kwa barua ya mnunuzi, mimi na Muteba tulikuwa kitu kimoja: nchi ya asili. Kwetu nilikuwa nusu, kule nilikuwa Congo nzima, na ile nzima nayo ilikuwa imeshahukumiwa. Nikaamua kwamba kama ni hivyo, basi nitakuwa nzima kweli, nao watanisikiliza nikiwa nzima.

Kesho yake kipimo kilianza. Mifuko ilifunguliwa mbele yangu, sonde yao ilifika mpaka chini, na niliwasifu kwa hilo kwa sababu walistahili. Siku ya tatu Yassin akatoa vikombe kwenye tanuri lao kubwa. Namba zilikuwa mbaya, sawasawa na za barua.

Lakini mimi sikuwa nikitazama namba. Unga ulikuwa mweusi.

“Bwana Joris,” nikasema, “tanuri lenu lina moto kupita kiasi.”

Akanionyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni. “Lina cheti, Madame.”

“Cheti kiko mlangoni. Moto uko ndani.”

“Tanuri hili linakaguliwa kila mwaka. Sidhani kwamba,” akasita kidogo, “sidhani kwamba vifaa vya Kolwezi ni vya kuaminika zaidi.”

“Sivyo. Ndiyo sababu tumejifunza kutoviamini.”

Nikaomba kitu kimoja, kile tunachofanya sisi. Nilitoa pakiti zangu tatu, sili zikakaguliwa. Nikaomba Yassin achanganye unga wangu, na aongeze sampuli moja ya aina ile ile kutoka kwa mteja wao mwingine, mteja wa nchi ambayo hakuna anayeitilia shaka. Agawe vyote kwenye vikombe vyenye namba tu. Nusu viingie tanuri kubwa, nusu viingie tanuri dogo lililokuwa chumba cha pili, na humo tukaweka kipimajoto cha kioo nilichotoka nacho Kolwezi. Orodha aifiche mfukoni mwake mpaka mizani isomwe. Joris hakuona sababu ya kukataa. Kwa kweli alipenda, ni mtu wa kazi yule.

Siku ya sita tukasoma mizani, kisha Yassin akatoa orodha mfukoni. Vikombe vyangu vya tanuri dogo vilitoa namba ya Muteba, karibu ileile. Vya tanuri kubwa vilitoa namba mbaya. Na tukaona kwamba kikombe cha yule mteja mwingine nacho, kilichokuwa tanuri kubwa, kilikuwa kimepoteza uzito vibaya vile vile. Joris alichukua kipimajoto changu, akakiingiza mwenyewe kwenye tanuri kubwa, akangoja. Kilipanda, kikapita mia moja na tano, kikaendelea kupanda. Kihisi cha ndani, kile kinachopima joto, kilikuwa kimerudishwa vibaya siku ya ukaguzi. Wale waliobandika cheti ndio waliokiharibu.

Nilidhani kazi imekwisha. Hapo ndipo ilipoanza.

Ripoti ililetwa siku ya nane jioni. Ilisema namba za muuzaji zimekubaliwa na kwamba tofauti ya mwanzo “ilitokana na sababu ambayo haikuthibitika.” Nikamwambia Joris sitasaini. Akasema tutaizungumza asubuhi.

Asubuhi ya siku ya tisa nilikwenda ofisini kwake na valizi yangu ya safari. Ndege ilikuwa ya saa tisa mchana. Nikakaa kwenye kiti kilichotazama meza yake.

“Madame, umeshinda,” akasema. “Namba ni zenu.”

“Andika tanuri.”

“Nikiandika tanuri, lazima niwapigie simu wateja wote wa miezi ile.”

“Najua. Ni simu nyingi.”

“Nenda nyumbani, nitakutumia maandishi bora baadaye. Ukikosa ndege, kesho utakuwa hapa kinyume cha sheria. Unaelewa hilo linamaanisha nini kwako?”

“Naelewa kuliko wewe. Nitakuwa yule ambaye wote walisema nitakuwa. Kwenu na kwetu.”

Nikamweleza, kama ninavyowaeleza ninyi. Kwamba Kolwezi kuna mtu amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake, na watu wanapita wakimsalimu kwa sauti ya chini. Kwamba ripoti ya maabara ile ikifika, Direkta atatafuta neno moja tu: sababu.

“Ukiandika kwamba sababu haijulikani, watu wataijaza wenyewe ile nafasi,” nikasema. “Niambie, bwana Joris, lini uliona mtu akijaza nafasi ya Congo kwa kitu kizuri?”

Alitazama saa ya ukutani, mimi sikuitazama. Alitoka, akarudi, akapiga simu kwa lugha yao, akatoka tena. Yassin aliniletea kahawa, kisha akabaki amesimama.

“Mimi ndiye niliyesoma mizani,” akamwambia mkuu wake aliporudi. “Ikiandikwa tanuri, naweka sahihi. Ikiandikwa vingine, siweki.”

“Yassin, hii haikuhusu.”

“Mimi nimezaliwa mtaa wa nyuma ya bandari hii, na wiki haipiti bila mtu kuniuliza natoka wapi. Kidogo inanihusu.”

Saa tano na nusu Joris aliketi, akaandika mwenyewe, hakumwachia karani. Sentensi ilikuwa fupi: tofauti ilisababishwa na joto la ziada katika tanuri la maabara hii, uchukuaji wa sampuli na sili za Kolwezi havina kasoro. Nikaomba aongeze jina la aliyesaini sili. Akalitafuta kwenye hati, akaliandika lote, herufi kwa herufi. Tukasaini watatu. Joris alinipa mkono akasema samahani, na mimi nikamwambia aanze na simu ya yule mteja wa kikombe. Sikumchukia, na simchukii. Alikuwa mtu mwema aliyekuwa na namba ya penseli pembeni mwa daftari.

Uwanjani, afisa wa kutokea alitazama viza, akatazama tarehe, akanitazama mimi.

“Leo ndiyo mwisho. Na unarudi?”

“Ninarudi.”

“Wengi hawarudi.”

“Bwana, wanaorudi tunapita hapa haraka, hamtukumbuki.”

Nilifika Kolwezi Jumatatu asubuhi, nikashuka kwenye taksi-moto mbele ya nyumba ya Muteba kabla ya kufika kwangu. Alikuwa nje, amevaa vizuri kama mtu wa kwenda mahali. Nilimpa ripoti. Alisoma ule mstari, akaurudia, akapitisha kidole juu ya jina lake.

“Na tanuri yao,” akasema, “ilikuwa mupya?”

“Mupya kabisa, tata. Na cheti.”

“Masikini.” Akakunja karatasi. “Nani alikuwa anaangaliaka unga?”

“Hakuna.”

Akaingia ndani, akatoka na koti lake la madoa. Hakungoja aitwe. Tulikwenda pamoja ofisini, Direkta akasoma akiwa amesimama, akasema Muteba anaweza kuanza kesho. Muteba akasema yuko hapa leo. Direkta akanitazama mimi kwa namna ambayo sikuielewa mara moja, kama mtu aliyekutwa na jambo mkononi.

Nililielewa nilipofika labo. Ratiba ya wiki ilikuwa imeshabandikwa ukutani. Jina la Muteba halikuwepo, hilo nililitegemea. Langu nalo lilikuwa limeondolewa. Lilikuwa limepigwa mstari, na juu yake ilikuwa imeandikwa jina la mtu mwingine, kwa mwandiko safi wa ofisi, tangu Ijumaa. Walikuwa wamengoja siku nane, ya tisa wakaamua kwamba sitarudi.

Vijana wa labo walisimama wakinitazama. Niliomba kalamu. Nikaandika Muteba kwenye zamu ya asubuhi, nikaandika Kapinga chini yake. Yule aliyewekwa mahali pangu nikampa zamu ya mchana, hakuwa na kosa. Kisha nikachukua sonde, kwa sababu malori matatu yalikuwa yanangoja getini, na mifuko yake ilikuwa imejaa mpaka juu.